Daktari Robert Koch na Hesabu ya Wagonjwa

1. Mgeni wa Usambara

Mwaka 1898 Mjerumani mmoja alipanda milima ya Usambara. Wakati huo Wajerumani ndio waliokuwa wakiitawala nchi hii. Mgeni huyo hakuja kutafuta shamba. Alikuja kutafuta habari za homa. Jina lake lilikuwa Robert Koch, naye alikuwa daktari mwenye sifa duniani kote.

Koch aliwauliza wenyeji wa milimani habari za homa. Walimweleza kwamba kwao juu, penye baridi, homa haikuwapo. Lakini mtu akishuka bondeni na kulala huko, hurudi na homa. Walimweleza pia kwamba bondeni kuna mbu wanaouma watu. Koch aliandika kwamba watu hao waliiita homa hiyo kwa jina lile lile la mdudu: mbu.

Watu wa Korogwe na Handeni wanaijua homa hiyo. Ni malaria. Mwaka mmoja tu kabla ya safari hiyo, Mwingereza Ronald Ross, akiwa India, alikiona kijidudu cha malaria ndani ya mbu. Lakini madaktari wengi wa Ulaya bado walikuwa wakibishana. Wakulima wa Usambara walikuwa wamekwisha kulijua jambo hilo kwa kuangalia nani anaugua na nani haugui, na wapi.

Huo ndio mwanzo wa elimu ya tiba: kuangalia na kuhesabu. Maisha ya Koch yanatufundisha jinsi hesabu inavyomsaidia daktari. Pia yanatufundisha hasara inayopatikana daktari asipongoja hesabu.

2. Mtoto aliyejifundisha kusoma

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Ulikuwa mji wa wachimba madini. Baba yake alifanya kazi katika migodi. Watoto katika nyumba yao walikuwa 13.

Alipokuwa na umri wa miaka mitano, Robert aliwashangaza wazazi wake. Alikuwa amejifundisha kusoma mwenyewe kwa kutumia magazeti.

Alisoma udaktari akamaliza mwaka 1866. Mwaka 1872 alipata kazi ya daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein. Mji huo leo umo katika nchi ya Poland. Hakuwa na maabara wala msaidizi. Mke wake, Emmy, alimpa zawadi ya hadubini. Hadubini ni chombo kinachokuza vitu vidogo sana mpaka vikaonekana. Koch alitenga sehemu ya chumba alichotibia wagonjwa, akaifanya maabara yake.

Katika wilaya hiyo mifugo ilikuwa ikifa kwa kimeta. Wafugaji walipata hasara kubwa. Koch alichukua damu ya wanyama waliokufa, akaitazama katika hadubini. Mwaka 1876 alionyesha kwamba kimeta huletwa na kijidudu. Alionyesha pia kwamba kijidudu hicho huweza kujikinga na kukaa ardhini miaka mingi bila kufa. Ndiyo maana mnyama aliyekufa kwa kimeta hapasuliwi wala haliwi.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Koch alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Kwa hesabu aliyoitoa, katika kila watu saba waliokufa siku zile, mmoja aliuawa na ugonjwa huo. Mwaka 1883 na 1884 alikwenda Misri na India, akapata kijidudu cha kipindupindu. Watu wakaanza kumwamini Koch kwa kila jambo.

3. Dawa ya siri

Mwaka 1890 Koch alitangaza katika mkutano mkubwa wa madaktari kwamba amepata kitu kinachozuia kifua kikuu. Alikuwa amekijaribu kwa wanyama wadogo. Alijidunga hata yeye mwenyewe, akaugua homa kali. Baadaye dawa hiyo ilipewa jina la tuberkulini.

Habari zilienea upesi. Wagonjwa kwa maelfu walisafiri kwenda Berlin. Wengine walikuwa mahututi, lakini walikuwa na tumaini kwa sababu ya jina la Koch. Madaktari wa nchi nyingi waliitaka dawa hiyo. Lakini Koch hakueleza imetengenezwa kwa kitu gani. Aliificha siri hiyo mpaka Januari 1891.

Mwezi huo huo daktari mwingine mkubwa wa Berlin, Rudolf Virchow, alieleza mambo aliyoyaona. Alikuwa amepasua maiti za wagonjwa waliokufa baada ya kuchomwa sindano hiyo. Aliona kwamba katika miili yao ugonjwa ulikuwa umeenea mahali papya.

Serikali ikataka kujua ukweli. Ilikusanya taarifa kutoka hospitali mbalimbali, ikazijumlisha. Wagonjwa waliohesabiwa walizidi 1,700. Waliosemekana kupona kabisa hawakufika 30. Wengine walipata nafuu, na wengi hawakubadilika. Zaidi ya 50 walikufa.

Kabla ya hesabu hiyo, kila daktari alikuwa akizungumza habari za wagonjwa wake tu. Aliyemwona mmoja akipata nafuu alisifu dawa. Aliyemwona mmoja akifa aliilaumu. Taarifa zilipowekwa pamoja, watu walianza kuuona ukweli. Tuberkulini haikuponya kifua kikuu.

Hata hivyo kazi yake haikupotea yote. Baadaye madaktari waliona kwamba tuberkulini ikitiwa ndani ya ngozi kwa kiasi kidogo sana, huweza kuonyesha kama mtu ana vijidudu vya kifua kikuu mwilini. Kwa hiyo ikawa si dawa, bali kipimo. Kipimo hicho kinatumika hata leo.

4. Koch katika Afrika Mashariki

Koch alifika Afrika Mashariki mara kadhaa. Mwaka 1897 na 1898 alifanya kazi Dar es Salaam. Huko aliona wagonjwa wa malaria wakikojoa mkojo mweusi kama kahawa. Wengi wao walikuwa wametumia kwinini. Koch akasema kwamba kwinini ndiyo iliyowadhuru. Madaktari wengine walimpinga, wakabishana kwa miaka mingi. Lakini jambo moja ni wazi. Koch alijua vizuri kwamba dawa inayoponya inaweza pia kudhuru.

Mwaka 1905 alirudi tena. Katika njia ya misafara ya kwenda Iringa aliwachunguza papasi waliokuwa katika sakafu za nyumba. Aliona kwamba papasi ndio wanaoleta homa ya kurudi-rudi, na kwamba vijidudu vya homa hiyo vimo hata katika mayai ya papasi. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kifua kikuu.

Mwaka 1906 serikali ya Ujerumani ilimtuma tena. Safari hii alikuja kuchunguza malale. Alianza kazi Amani, katika milima ya Usambara ya mashariki, ambako Wajerumani walikuwa na kituo cha utafiti. Pale alichunguza mbung'o. Kisha akaenda Mwanza, na kutoka huko akavuka kwenda visiwa vya Ssese, katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda.

5. Visiwa vya Ssese

Wakati huo malale yalikuwa yakiua watu wengi kando ya ziwa. Inakadiriwa kwamba katika miaka michache watu zaidi ya laki mbili walikufa Uganda. Vijiji vilibaki mahame. Mgonjwa huanza kwa homa. Baadaye hupoteza nguvu, akili yake huvurugika, na husinzia mchana. Asipotibiwa hufa.

Koch alipiga kambi yake katika kisiwa cha Bugala. Habari zilipoenea kwamba kuna daktari mwenye dawa, wagonjwa walikuja kwa mitumbwi. Wengine walibebwa na ndugu zao. Waliotibiwa walizidi elfu moja.

Dawa yake iliitwa atoksili. Ilitengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Kwanza Koch alitumia kipimo kidogo. Wagonjwa wengi walipata nafuu, na vijidudu vilitoweka katika damu yao. Koch alifurahi, akapeleka taarifa njema Berlin.

Lakini baada ya muda vijidudu vilirudi. Koch akaongeza kipimo cha dawa, kikawa mara mbili. Wagonjwa walipata maumivu, kichefuchefu na kizunguzungu. Wengine walitoroka kambini. Kisha likatokea jambo baya zaidi. Wagonjwa wakaanza kupoteza nuru ya macho. Watu 22 walipofuka, na macho yao hayakupona tena.

Koch alirudia kipimo kidogo. Hakuficha habari za vipofu; aliziandika katika taarifa yake. Lakini bado aliisifu atoksili, na alishauri itumike katika kambi za wagonjwa wa malale. Serikali ya Wajerumani ilijenga kambi hizo kando ya maziwa, na dawa hiyo iliendelea kutumika.

Tufikiri kidogo juu ya kosa lililofanyika. Koch alikuwa hodari na mwenye bidii. Hakuna aliyemzidi kwa kutumia hadubini. Lakini wagonjwa wote walipewa dawa, kwa hiyo hakukuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo. Hakungoja kuona mgonjwa atakuwaje baada ya mwaka mmoja au miwili. Waliotoroka hakujua walipona au walikufa. Tena, watu wa Ssese hawakuelezwa hatari ya dawa hiyo ili waamue wenyewe kama wanaitaka.

Koch aliondoka Ssese mwaka 1907. Alikufa Ujerumani tarehe 27 Mei 1910, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika taasisi yenye jina lake. Watu 22 wa Ssese walibaki vipofu. Sisi hatuyasomi majina yao katika vitabu. Tunasoma idadi yao tu. Lakini idadi hiyo imewaonya madaktari wengi waliokuja baadaye.

6. Kuweka hesabu pamoja

Mkulima wa Handeni akipata mbegu mpya ya mahindi, anaweza kuipanda akavuna magunia mengi. Je, mbegu ni nzuri? Labda ndiyo. Lakini labda mwaka huo mvua ilikuwa njema, au shamba lake lina rutuba. Jirani yake apande mbegu mpya upande mmoja na mbegu ya zamani upande mwingine wa shamba lile lile. Sasa tunaanza kujua. Vijiji 20 vikifanya hivyo, na mavuno yote yakapimwa na kujumlishwa, hapo tunajua vizuri zaidi. Lakini lazima waliokosa mavuno nao wahesabiwe. Tukihesabu wenye magunia mengi peke yao, tutajidanganya.

Dawa nazo ni hivyo hivyo. Dawa ikipofusha mtu mmoja katika kila mia, daktari mwenye wagonjwa 10 anaweza asimwone kipofu hata mmoja. Ataapa kwamba dawa haina madhara, na hatakuwa mwongo. Atakuwa hajaona wagonjwa wa kutosha.

Mwaka 1904, Koch akiwa bado hai, Mwingereza Karl Pearson alifanya kazi ya namna hii. Yeye alikuwa bingwa wa hesabu. Alikusanya taarifa za askari waliochanjwa homa ya matumbo na wale wasiochanjwa, katika sehemu mbalimbali za dunia. Aliona kwamba matokeo ya sehemu moja yalitofautiana sana na ya sehemu nyingine. Akashauri chanjo hiyo ijaribiwe tena kwa uangalifu zaidi.

Siku hizi kazi ya kukusanya majaribio mengi na kuyapigia hesabu moja ina jina lake. Mmarekani Gene Glass aliiita meta-analisisi mwaka 1976. Wataalamu hutafuta majaribio yote yaliyofanywa juu ya dawa fulani. Hawachagui yale yenye habari njema tu. Huangalia kila jaribio lilifanywaje. Jaribio lenye watu wengi hupewa uzito kuliko lenye watu wachache. Kisha huuliza mambo mawili: dawa hii inasaidia wangapi, na inadhuru wangapi?

7. Hesabu iliyopita Korogwe

Zaidi ya miaka 100 baada ya Koch kupanda Usambara, hesabu ya namna hii ilifanyika chini ya milima ile ile.

Kwa miaka mingi mtoto mwenye malaria kali alitibiwa kwa kwinini. Kisha ikaja dawa nyingine, atesuneti, iliyotokana na mmea wa China. Majaribio ya Asia yalionyesha kwamba ni nzuri. Lakini wagonjwa wengi wa Asia walikuwa watu wazima. Je, ingewafaa watoto wa Afrika? Ingeweza kuwadhuru?

Kuanzia mwaka 2005 hadi 2010 jaribio kubwa lilifanywa katika nchi 9 za Afrika. Hospitali ya Korogwe na hospitali ya Muheza zilikuwa miongoni mwa mahali pa kazi hiyo. Watoto 5,425 waliingia katika jaribio. Wazazi au walezi waliombwa ruhusa. Watoto waligawanywa kama kwa kura: nusu wakapewa kwinini, nusu atesuneti. Hakuna daktari aliyechagua nani apate ipi. Kila mtoto alihesabiwa, aliyepona na aliyekufa.

Katika kundi la kwinini walikufa watoto 297. Katika kundi la atesuneti walikufa watoto 230. Kila kifo kilikuwa msiba katika nyumba. Lakini kwa hesabu hiyo ilijulikana kwamba katika kila watoto 1,000, atesuneti iliokoa watoto 24 zaidi kuliko kwinini. Muuguzi mmoja katika wodi moja asingeweza kuiona tofauti hiyo kwa macho. Ilionekana kwa sababu Korogwe, Muheza na hospitali za nchi nyingine ziliweka hesabu zao pamoja.

Baadaye wataalamu walijumlisha majaribio 8 ya Afrika na Asia. Jibu likawa lile lile: wagonjwa waliopewa atesuneti walikufa wachache zaidi, watoto kwa watu wazima. Lakini wataalamu walitafuta madhara pia. Waliona kwamba miongoni mwa watoto waliopewa atesuneti, waliotoka hospitali wakiwa bado na udhaifu wa ubongo walikuwa wengi kidogo. Watoto walipopimwa tena siku ya 28, tofauti hiyo haikuonekana wazi tena. Mambo yote mawili yaliandikwa, jema na baya. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wenye malaria kali katika Afrika watibiwe kwa atesuneti.

8. Kazi iliyo mikononi mwetu

Ndugu msomaji, Robert Koch alikuwa mtu mkubwa. Alituonyesha vijidudu vya kimeta, kifua kikuu na kipindupindu. Kwa kazi hiyo ameokoa watu wasiohesabika. Lakini ukubwa wa jina lake haukuifanya atoksili kuwa salama. Dawa haiheshimu jina la mtu. Kwa hiyo mtu akitusifia dawa, awe daktari, mwenye duka la dawa au mganga wa kienyeji, tumwulize kwa adabu: Imejaribiwa kwa watu wangapi? Wapi? Walioshindwa kupona nao walihesabiwa?

Nasi tunayo kazi. Ukipewa dawa ikakudhuru, usikae kimya nyumbani. Usiache kwenda zahanati kwa aibu au hasira. Rudi ukaeleze, ili iandikwe. Chukua na pakiti ya dawa hiyo uionyeshe. Aliyetoroka kambi ya Ssese hakuingia katika hesabu, na madhara aliyoyapata hayakumwonya mtu mwingine.

Tena, siku moja unaweza kuombwa ruhusa ili wewe au mtoto wako aingie katika jaribio la dawa. Utapewa karatasi. Zamani wengi wetu tuliweka dole gumba tu. Sasa unajua kusoma. Isome karatasi hiyo polepole, mstari kwa mstari. Uliza neno usilolielewa. Uliza faida, uliza na hatari. Ukikubali, kubali kwa kuwa umeelewa. Ukikataa, ni haki yako, na mtoto wako ana haki ya kutibiwa vile vile.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Watu wa milima ya Usambara walijuaje kwamba homa hupatikana bondeni?
2. Kwa nini haikuwa vizuri Koch kuficha siri ya tuberkulini?
3. Ni mambo gani yaliyokosekana katika matibabu ya visiwa vya Ssese?
4. Kwa nini hospitali moja peke yake haiwezi kujua madhara yote ya dawa?
5. Je, kuna mtu katika kijiji chenu aliyepata madhara ya dawa? Alikwenda kueleza wapi?